Sura ya Sita: Taa Nyekundu Inawaka Lini?

Canter ilikuwa imeegeshwa kando ya barabara, gogo nyuma ya tairi, mikungu ya ndizi imepangwa mpaka juu ya bodi na kufunikwa kwa majani ya mgomba. Hapo ni Ikuti, wilaya ya Rungwe, ambako lori lililobeba mazao hupanda na kushuka vilima kabla halijaifikia barabara kuu ya Tukuyu. Mvua ilikuwa imekatika punde tu. Dereva, kijana wa miaka ishirini na kitu, alikuwa amekaa juu ya jiwe, simu sikioni, anamweleza tajiri wake kwamba safari imeharibika. Utingo alikuwa amesimama pembeni anakula parachichi.

Fundi alifika kwa bodaboda, mfuko wa spana mgongoni.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Poleni. Kuna nini?”

“Mzee, gari imeua beringi,” dereva alisema. “Kule mjini wameshaniambia krenki ikachongwe.”

“Nani ameziona hizo beringi?”

“Hawajafungua. Ila taa ya oili inawaka.”

“Inawaka lini?”

“Lini vipi tena, mzee? Inawaka tu.”

“Mwanangu, hakuna taa inayowaka tu. Inawaka umesimama au unapanda? Asubuhi au jioni? Tupu au na mzigo?”

Dereva akanyamaza. Aliyejibu ni utingo. “Ikiwa sailensa haiwaki. Tukishapanda mlima mrefu, dereva akikanyaga sana mafuta, ndiyo inaanza kupepesa, halafu inaganda. Tukizima tukapumzika dakika kumi, tukiwasha inakuwa imezimika.”

Fundi akamtazama dereva, akatabasamu. “Huyu utingo wako usimpoteze,” akasema, akaenda kuchukua geji.

Swali hilo moja ndilo kiini cha sura hii. Taa ya oili inakuambia kuna tatizo, basi. Tatizo gani, haiwezi kukuambia. Anayejua ni yule aliyetazama inawaka saa ngapi, katika hali gani, na inazimika kwa sababu gani. Madereva wengi wa malori makuukuu wamechongesha krenki iliyokuwa nzima kwa sababu waliuliza “nini” kabla ya kuuliza “lini”.

Presha inatoka wapi

Tuanze na kosa ambalo hata mafundi hulifanya: kudhani kwamba pampu ndiyo inayotengeneza presha. Pampu husukuma oili tu. Presha huzaliwa pale oili inapobanwa, inapokosa njia pana ya kupita.

Mtu aliyekulia kwenye kijiji chenye maji ya mserereko hahitaji kufundishwa zaidi. Chanzo kiko juu mlimani, bomba linateremka, kila nyumba ina koki yake. Alfajiri, koki zote zikiwa zimefungwa, ukifungua yako maji yanaruka. Ikifika saa moja, kila mtu ameweka ndoo, nyumba ya mwisho inapata uzi. Chanzo hakijakauka wala bomba halijapasuka. Maji yamepata mahali pengi pa kutokea, basi.

Ndani ya injini mambo ni hayo hayo. Chini kabisa kuna sampo, ambamo oili hukaa. Pampu huivuta kupitia chujio la wavu, huisukuma kwenye kipoza oili na kwenye filta, kisha oili huingia katika mfereji mkuu uliotobolewa ndani ya bloku. Kutoka hapo hugawanywa. Injini ya Canter ile, 4D33 ya silinda nne na lita 4.2, ina beringi kuu tano zinazoishika krenki na beringi nne za konrodi. Zaidi ya hizo kuna kemshafti, roka, na pampu ya dizeli, ambayo nayo hulainishwa kwa oili ya injini. Kila moja ya sehemu hizo ni koki iliyofunguliwa kidogo. Ikiwa nafasi kati ya beringi na shafti ni ndogo inavyotakiwa, oili hutoka kwa shida na presha inasimama. Beringi zikiliwa, koki zote zimefunguka, na presha inaanguka hata kama pampu ni mpya.

Nafasi hiyo ni ndogo kuliko jicho linavyoweza kupima. Kwa injini za ukubwa huu ni sehemu ya kumi ya milimita au pungufu, kiasi cha unene wa unywele. Na kuna hesabu moja inayotisha hapo: nafasi ikiongezeka maradufu, oili inayovuja haiongezeki maradufu, inaongezeka mara nane. Ndiyo maana injini huweza kukaa miaka na presha nzuri, kisha ndani ya miezi michache ikaanza kuporomoka.

Je, hiyo presha ya pampu ndiyo inayoibeba krenki? Hapana, na aliyelifumbua jambo hilo alilifumbua kwa bahati. Mwaka 1883 mhandisi Mwingereza, Beauchamp Tower, alikuwa akichunguza beringi za ekseli za reli. Akatoboa tundu juu ya beringi ili apitishie oili. Ekseli ilipozunguka, oili ikatoka kwenye tundu badala ya kuingia. Akaziba kwa kizibo, kikasukumwa nje. Akagongea kigingi cha mti, nacho kikatoka. Alipofunga geji, mshale ukapita psi 200. Mwaka 1886 Osborne Reynolds akaonyesha kwa hesabu kilichokuwa kikitokea: shafti inayozunguka huivuta oili chini yake, huibana kama kabari, na kabari hiyo huinyanyua shafti isiguse chuma. Dereva aliyewahi kupita kasi juu ya maji yaliyotanda kwenye lami, akahisi usukani umekuwa mwepesi ghafla, ameionja kabari hiyo.

Kazi ya pampu, basi, ni kuhakikisha kabari haikosi oili. Taa nyekundu inapowaka maana yake ni kwamba ugavi umepungua, na kabari ikikosa oili, chuma hukutana na chuma. Hapo ndipo injini hunoki.

Stiki kabla ya spana

Fundi wa Ikuti hakugusa boliti hata moja mwanzoni. Alichomoa stiki palepale kuhakikisha oili imo, kisha akaagiza gari lisogezwe taratibu hadi uwanjani mbele ya maduka, mahali tambarare. Jambo hilo linaonekana dogo. Huku vilimani ni nusu ya kipimo. Lori likiinamisha pua, oili hukimbilia mbele. Likiinua pua, hukimbilia nyuma. Na stiki inasoma uongo pande zote mbili. Zima injini, subiri dakika kadhaa oili iteremke, futa stiki, ichomeke tena, ndipo usome.

Kisha usome mambo manne. La kwanza ni kiwango: kiwe kati ya alama mbili. La pili ni rangi. Weusi peke yake usikutishe, kwa sababu oili ya dizeli huwa nyeusi mapema kutokana na masizi. Kinachotisha ni rangi ya chai ya maziwa, kwani hiyo ni oili iliyochanganyika na maji, na hapo unatafuta gasketi ya silinda hedi au kipoza oili kilichotoboka. La tatu ni harufu. Oili inayonuka dizeli imechanganyika na mafuta, mara nyingi kutoka pampu ya dizeli au pampu ndogo inayoilisha, na imekuwa nyepesi kama maji. La nne ni mguso: sugua tone kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukihisi mchanga, ama kuna vumbi lililoingia, ama kuna chuma kinachosagika.

Angalia pia jambo ambalo madereva hulifurahia bila kujua: kiwango kinachopanda. Injini haizai oili. Kiwango kikipanda bila mtu kuongeza, kuna maji au dizeli inayoingia, na gari hilo lisiende popote.

Upande wa pili ni oili iliyopungua. Ikipungua lita mbili tu, kwenye barabara tambarare huenda usione kitu. Lakini kwenye mlima mkali, au ukikata kona kwa kasi, oili inahama upande mmoja wa sampo, chujio linabaki wazi, pampu inavuta hewa, na taa inapepesa. Dereva anasema gari lina tatizo la milimani. Gari lina tatizo la lita mbili.

Taa nayo husingizia

Canter nyingi za zamani hazina mshale wa presha kwenye dashibodi. Zina taa tu, na taa hiyo inaongozwa na swichi ndogo iliyofungwa kwenye bloku, yenye waya mmoja. Presha ikiwa chini ya kiasi fulani, kwa kawaida karibu nusu bar, swichi hugusisha waya na bodi, taa ikawaka. Presha ikipita hapo, swichi huachia, taa ikazimika. Basi. Taa haijui tofauti ya bar 1 na bar 5.

Maana yake ni mbili. Kwanza, taa iliyozimika haikuhakikishii kwamba injini ni nzima. Inakuambia tu kwamba presha imepita nusu bar. Pili, taa iliyowaka inaweza kuwa imesababishwa na swichi yenyewe au waya wake. Kwenye mvua za Tukuyu, zinazopita milimita 2,000 kwa mwaka, soketi za nyaya huota kutu na tope huingia kila mahali.

Jaribio lake ni la dakika tano. Fungua swichi ya gari bila kuwasha injini: taa lazima iwake. Isipowaka, balbu imeungua au waya umekatika, na umekuwa ukiendesha bila mlinzi. Sasa chomoa waya kwenye swichi ya oili: taa lazima izimike. Ikibaki inawaka, waya umechubuka na unagusa bodi mahali fulani. Gusisha ule waya kwenye chuma cha bloku: taa lazima iwake tena. Yote matatu yakijibu sawasawa, waya ni mzima, na mshukiwa aliyebaki ni swichi au presha yenyewe. Hapo ndipo zamu ya geji.

Shahidi mwenye mshale

Geji ya mkono ni kitu rahisi: uso wa duara wenye mshale, mpira unaostahimili presha, na nati ya mwisho. Bei yake haifikii tairi moja la Canter. Ajabu ni kwamba gereji nyingi zina mashine ya kuchomelea, zina jeki tatu, lakini hazina geji.

Unafungua swichi ya oili na kufunga geji mahali pake. Hapa kuna mtego. Tundu la swichi kwenye malori ya Kijapani kwa kawaida lina meno ya PT ya inchi 1/8, meno 28 kwa inchi. Geji nyingi zinazouzwa zina meno ya Kimarekani ya NPT, 27 kwa inchi. Kwa macho yanafanana. Zungusha moja kwa mkono ndani ya jingine, litaingia raundi mbili na kukaza. Ukilazimisha kwa spana, umeharibu tundu la bloku. Nunua kiunganishi sahihi.

Kisha pima mara tatu. Pima injini ikiwa baridi. Pima ikiwa na joto la kazi, baada ya kuendeshwa nusu saa hivi, ikiwa sailensa. Mwisho pima ikiwa na joto huku umekanyaga mafuta. Kwa injini za dizeli za namna hii, ya moto kwenye sailensa isome kati ya bar 1 na 3, na kwenye mizunguko ya juu isome kati ya bar 3 na 5. Kitabu cha injini yako ndicho chenye neno la mwisho. Geji nyingine zimeandikwa psi: bar 1 ni psi 14.5. Mafundi wa zamani wana kanuni ya kichwani, psi 10 kwa kila mizunguko 1,000, na mara nyingi haiwaangushi.

Injini ya Ikuti ilisoma hivi. Sailensa, bar 2: hakuna kasoro. Fundi akamwambia dereva akanyage na ashikilie. Mshale ukapanda hadi 3 na nusu, ukasimama, ukatetemeka, kisha ukaanza kushuka polepole huku mashine ikizidi kulia. Ulipofika 1, fundi akainua mkono. “Zima.”

Beringi zilizokufa hazifanyi hivyo. Beringi mbovu huonyesha unyonge wao injini ikiwa ya moto na inazunguka polepole, kwa kuwa pampu inasukuma oili kidogo na koki zote ziko wazi. Ukikanyaga mafuta, pampu inashinda uvujaji na presha inapanda. Hapa ilikuwa kinyume: nzuri polepole, mbaya kwa kasi. Pampu ilikuwa inataka oili nyingi na hailetewi.

Namna ya kusoma “lini”

Dalili zifuatazo zinafaa kukaririwa, au kunakiliwa na kubandikwa ukutani gereji.

Taa inawaka sailensa tu, injini ikiwa ya moto, na inazimika ukikanyaga kidogo: oili imekuwa nyepesi mno, au beringi zimeliwa, au pampu imechakaa. Badili oili kwanza, upime tena.

Taa inawaka mlimani na kwenye kona: kiwango cha oili. Rudi kwenye stiki.

Taa inachelewa kuzimika asubuhi, kisha siku nzima haionekani: filta. Filta nzuri ina kivalvu kinachozuia oili isirudi kwenye sampo usiku. Filta ya bandia mara nyingi haina, au inacho kimekauka.

Presha ni nzuri polepole lakini inaporomoka kwa kasi, na ukipumzisha injini inarudi: chujio la kwenye sampo limeziba, au bomba la kuvutia oili lina ufa unaoingiza hewa. Ukizima injini, uvutaji unakoma na uchafu unadondoka kutoka kwenye wavu. Ndiyo maana dakika kumi za kupumzika humpa dereva matumaini ya uongo.

Presha inaruka huku na huko, leo nzuri kesho mbaya: valvu ya kupunguza presha. Ni kipistoni kidogo chenye springi, kazi yake ni kurudisha oili ya ziada kwenye sampo. Takataka ikikinasa kikiwa wazi, oili yote inapita hapo. Kikinasa kimefungwa, presha inapanda kupita kiasi na huweza kupasua filta. Mshale uliopanda mno nao ni ugonjwa.

Presha inakwenda sifuri ghafla, huku injini inagonga: zima. Usifike mbele palipo na kivuli, usitafute pa kugeuzia. Zima hapo hapo.

Dawa za mtaani

Kuna dawa tatu ambazo kila dereva wa lori amewahi kuuziwa.

Ya kwanza ni kuongeza uzito wa oili: ilikuwa 15W-40, weka 20W-50 au oili nzito ya namba 50 peke yake. Namba hizo zinapima uzito wa oili, wala hazisemi lolote kuhusu ubora wake. Namba 40 maana yake ni kwamba kwenye nyuzi joto 100 oili ina mnato kati ya milimita mraba 12.5 na 16.3 kwa sekunde. Namba 50 inaanzia 16.3. Ukiweka nzito, mshale utapanda kweli. Lakini kwenye asubuhi za baridi za Rungwe, mwezi wa Juni na Julai, oili hiyo itachelewa kufika juu kwenye roka, na dakika hizo za kwanza ndizo zinazokula injini. Kwa injini iliyochoka kweli, oili nzito inaweza kukusogeza hadi upate pesa ya kufungua. Lakini usijidanganye kwamba umetibu.

Ya pili ni kuongeza washa nyuma ya springi ya valvu. Springi inabanwa zaidi, valvu inachelewa kufunguka. Tatizo ni kwamba valvu haikuwa inafunguka: presha ni ndogo tayari. Washa hiyo haibadilishi kitu kwenye sailensa, na asubuhi ya baridi inaweza kupasua filta.

Ya tatu ni kukata waya wa taa. Hiyo haihitaji maelezo.

Sampo inashuka

Tajiri alikubali kwa simu, na oili ikamwagwa kwenye ndoo safi. Utingo alitandika jani la mgomba chini, boliti zikapangwa juu yake kwa mpangilio zilivyotoka. Sampo iliposhuka, fundi hakusema kitu. Alimwita dereva aje atazame mwenyewe.

Wavu wa chujio ulikuwa umefunikwa na vipande laini vyekundu, kama ngozi ya nyanya iliyochemshwa. Ilikuwa silikoni. Mara ya mwisho sampo ilipofunguliwa, aliyeifunga alipaka silikoni nene pande zote. Ilipobanwa, nusu ilitokea nje ambako watu waliifuta, na nusu ilitokea ndani ambako haikuonekana. Baada ya kuloa oili ya moto kwa muda ilimeguka, na pampu ikaivuta. Silikoni inatakiwa ipakwe uzi mwembamba, milimita 2 hadi 3, juu ya chuma kilichosafishwa na kukauka, kisha iachwe ishike kabla ya kutia oili. Kilichobaki ni uvumilivu.

Kwa kuwa sampo ilikuwa wazi, fundi alifungua kikofia kimoja cha konrodi. Ndani beringi ilikuwa ya kijivu, laini, haina mikwaruzo. “Hiyo ndiyo beringi waliyosema imekufa,” akasema. Akapitisha ukucha juu ya shingo ya krenki, haukukwama popote. Akarudisha kikofia, akakaza kwa kipimo. Filta ya zamani akaikata kwa msumeno, akakunjua karatasi yake, akapitisha sumaku. Hakuna kilichonasa. Kama kungekuwa na vumbi la chuma, sumaku ingelishika. Kama kungekuwa na vumbi la rangi ya fedha au shaba lisiloshikwa na sumaku, hilo lingekuwa beringi.

Chujio likaoshwa kwa dizeli, sampo ikasafishwa na kufungwa, oili mpya na filta mpya vikawekwa. Injini ilipopata joto, sailensa ilisoma 2, na kwenye mizunguko ya juu mshale ulipanda hadi 4 ukakaa. Fundi hakuishia hapo. Alipanda garini, geji ikiwa bado imefungwa na mpira wake umepitishwa dirishani, wakaupanda ule ule mlima uliowashinda mchana. Ugonjwa hupimwa mahali ulipojitokeza.

Kama kweli ni beringi

Si kila hadithi huisha kwa kuosha chujio. Injini ya miaka thelathini, iliyoingia nchini ikiwa tayari imetumika Japani, ina haki ya kuchoka. Ukifungua ukakuta beringi imebadilika kutoka kijivu kuwa rangi ya shaba, tabaka la juu limekwisha na kazi ni kubwa. Lakini hata hapo usinunue beringi kabla ya kupima krenki kwa maikromita, kila shingo pande mbili, kwa sababu shingo huliwa upande mmoja ikawa kama yai. Krenki ikiwa ndani ya kipimo, unaweka beringi za saizi ya kawaida. Ikiwa imepita, inachongwa, na beringi zinanunuliwa kwa saizi iliyochongwa: 0.25, 0.50, 0.75 au 1.00. Anayekuuzia beringi bila kukuuliza saizi hakuuzii beringi. Pampu nayo ipimwe wakati huo huo. Kuweka pampu chakavu kwenye beringi mpya ni kurudi gereji kabla ya msimu kwisha.

Na kama uko sokoni kununua lori kuukuu, nenda alfajiri muuzaji kabla hajaipasha injini moto. Fungua swichi uone kama taa ya oili inawaka. Washa, hesabu sekunde hadi izimike. Omba kuliendesha nusu saa, lipande mlima, kisha lisimamishe na uliache sailensa huku unaitazama taa. Muuzaji akikataa geji yako isifungwe, amekwisha kukujibu.

Daftari la mlangoni

Canter ile iliondoka Ikuti usiku huo huo, kuelekea Uyole kisha barabara ya Dar es Salaam, na ndizi zake zikaenda kushushwa Mabibo, pale wafanyabiashara wanapopaita Mahakama ya Ndizi. Kabla haijaondoka, fundi alichukua kalamu ya wino mzito akaandika ndani ya mlango wa dereva mistari mitatu: tarehe, presha ya sailensa ya moto, na presha ya mizunguko ya juu. Kisha akampa utingo kalamu. “Kila mkimwaga oili, mnapima, mnaandika chini yake.”

Fanya hivyo kwenye lori lako wiki hii, likiwa zima. Namba za leo ndizo zitakazokuambia mwakani kama presha imeshuka au ndiyo kawaida yake. Na siku taa nyekundu itakapowaka, kabla hujampigia mtu simu ya krenki, andika kwanza kwenye mlango huo huo: imewaka lini.